Natafuta Pikapu, Usiambie Mtu

Natafuta pikapu. Ya kazi tu, si ya kuringa. Singo kabini, tairi nne na spea, usukani, na bodi ya kutupia magunia. Sitaki redio inayoongea na simu. Sitaki viti vya ngozi. Sitaki kamera ya kurudi nyuma, shingo ninayo. Nataka kitu cha kutoa chakula cha ng'ombe Thika, ile tunaita deri mili, mpaka hapa Kalimoni kwa kaduka kangu ka agroveti, bila kubembeleza mtu. Hayo tu. Na hayo tu yamekuwa kesi.

Siri hii nilimwambia kinyozi peke yake. Kinyozi ana kiti kimoja na masikio ya mtaa mzima. Kufikia jioni mtu nisiyemjua akanisimamisha hapo stejini. "Mzee, ile pikapu yako inaweza kubeba kochi la watu saba?"

Ile pikapu yangu. Ambayo sina.

Kwa sasa mimi ni mteja wa bodaboda. Gunia la deri mili ni kilo 70. Boda anafunga mawili na mpira wa tyubu, halafu mimi napanda boda ya nyuma nikiyalinda kwa macho. Gunia likianza kuinama kushoto, na mimi nainama kulia, nadhani litanyooka. Kijana anayenibeba hunipigia kelele, "Mzee tulia, utatumwaga!" Mvua ikinyesha ndio basi tena. Udongo wa huku ni ule mweusi, unashika kiatu unabaki nacho. Siku moja boda iliteleza pale mbele ya kanisa, gunia likapasuka, na ng'ombe wa jirani wakala faida yangu nikiwa nimesimama hapo, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Mwenye ng'ombe ni mteja wangu. Wiki hiyo hakuja dukani. Angekuja kufanya nini? Ng'ombe walikuwa wameshiba.

Kukodi kanta nako ni kulipia lori zima ili ubebe kona yake. Na dereva wa kanta haji saa mliyopatana. Anakuja saa ambayo hana kazi nyingine.

Basi nikaanza na gari mpya, kwa sababu kuuliza ni bure. Nikavaa koti. Nikaingia shorumu moja ya Nairobi, sakafu inang'aa mpaka unaona pindo la suruali yako lilivyoshonwa vibaya. Binti wa mapokezi akanikaribisha kwa heshima zote, akaniuliza, "Mzee, umekuja kuchukua gari la nani?"

Yaani ameniona nimekaa kidereva. Nikamwambia nimekuja kujinunulia. Akasema "Oh," akaniletea kijana wa mauzo, kijana akaniletea karatasi. Pikapu ya chini kabisa, ile haina mapambo yoyote, bei yake iko juu ya milioni tatu. Mimi nina laki nane. Na moja kati ya hizo nane ni ya chama. Nikamuuliza kijana kama kuna ndogo yake. Akacheka kwa adabu. Nikanywa maji yao ya chupa, nikachukua kalenda, nikaenda.

Kinachoniuma ni kwamba magari yanaungwa hapa hapa nyumbani. Isuzu, wale tuliozoea kuwaita General Motors mpaka 2017, wanaunga Nairobi. Mombasa kuna Associated Vehicle Assemblers. Na hapo Thika, jirani, hapo hapo Thika, kuna KVM, iliyoanza miaka ya 1970 ikiitwa Leyland Kenya. Nina kiwanda cha kuunga magari karibu nami kuliko nilivyo karibu na mama mkwe, na bado napandisha gunia kwa boda.

Nikarudi kwa wataalamu. Wataalamu wa magari wa Kalimoni wanakaa kwa kibanda cha chai, na hakuna hata mmoja mwenye gari. Ndio maana wana wakati wa kujua.

Mzee wa kwanza ni wa Peugeot. Hataki kusikia kitu cha Mjapani. "Nunua 504, kijana. Hiyo ilishinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, ikarudi ikashinda tena 1978."

"Mzee, mimi nabeba pumba. Sishindani na mtu."

"Na kabla yake 404 ilishinda mara nne! 1963, 1966, 1967, 1968! Yule Bert Shankland wa Tanzania, hata matope hakuyaona!"

Kijana mmoja wa kuchomelea mageti akasema ile ya 1978 haikuwa hata pikapu, ilikuwa kupe ya milango miwili. Mzee akamuuliza kama singo kabini ina milango mingapi. Hapo mjadala ukaisha, mzee kashinda, na mimi nimelipa chai ya wote.

Mwingine akaanza kulilia Datsun 1200, kale kapikapu kadogo ka miaka ya sabini ambako kila mzee wa huku anaapa kalibeba fahali. Nikamuuliza nitapata wapi Datsun 1200 leo. Akasema, "Hiyo sasa ni shida yako."

Halafu wakaingia kwa injini. Hapo ndipo hunipoteza. "Hakikisha ni 5L," akasema fundi wa baiskeli. "Achana na hiyo, 4JA1 ya Isuzu ndiyo haifi," akajibu mwenye kibanda. Mimi nikatingisha kichwa kwa ukubwa. Mpaka leo sijui kama 5L ni injini au ni saizi ya jerikeni. Ninachojua ni kwamba wakizitaja sauti zao hushuka. Wanasema hizo dizeli za zamani hazina kompyuta. Pampu ni ya chuma, fundi anaifungua kwa spana chini ya mwembe, anaipuliza, anairudisha. Dizeli za siku hizi zina komoni reli. Mafuta yanasukumwa kwa nguvu ya ajabu kupitia vitundu vidogo sana, na ukiziwekea dizeli chafu, injekta zinakufa, na bei ya injekta nne unaweza kulipia mtoto karo.

Na sisi dizeli chafu tumeinywa sana. Wafanyabiashara walikuwa wanachanganya na mafuta taa, kwa sababu mafuta taa yalikuwa rahisi. Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa Septemba 2018, na faida ya kuchanganya ikaisha. Hiyo ilikuwa nzuri kwa injekta. Mama yangu, ambaye hana injekta, ana stovu tu, alinipigia simu kuniuliza yeye amekosa nini.

Nikaona wacha niende kwa mtu wa biashara yenyewe. Hapo Kamakis, kwa barabara ya Eastern Bypass, kando ya moshi wa nyama choma, nikapata broka. Broka alikuwa na viatu vyenye ncha na simu tatu. Nikamuuliza swali langu kubwa. Probox ziko tele, Vitz ziko tele, Fielder zinapangwa mpaka nje ya ukuta. Mbona sioni singo kabini ya Hilux ya mkono wa pili kutoka ng'ambo?

Akanitazama kwa huruma. Akaniambia, "Mzee wangu, kwani magari yetu ya mtumba yanatoka wapi?"

"Japani."

"Na Mjapani anaendesha Hilux?"

Nikamwambia si ndiye ameitengeneza. Ameitengeneza tangu 1968, hata hilo nalijua. Akacheka mpaka simu moja ikaanguka. Kumbe bwana, Toyota waliacha kuuza Hilux huko kwao 2004. Wakairudisha 2017, na ikarudi ikiwa dabo kabini. Sisi nasi tuna sheria ya KEBS, gari la mtumba lisizidi miaka minane, na usukani uwe kulia. Sasa piga hesabu. Mjapani hakuwa nayo, kwa hivyo hakuichoka, kwa hivyo hakutuuzia. Uarabuni ziko nyingi, usukani uko kushoto. Kuna Thailand, kuna Uingereza, kuna Afrika Kusini, huko usukani ni kama wetu, lakini bei ukiongeza meli na ushuru unarudi pale pale kwa shorumu yenye sakafu ya kung'aa. Ndio maana singo kabini nyingi unazoona barabarani zilinunuliwa mpya hapa Kenya na kampuni, au mradi, au ofisi fulani, wakazitumia mpaka zikachoka, wakazipiga mnada. Wewe mwenye laki nane unakuja mwisho kabisa. Unanunua uchovu wa watu.

"Lakini nina kitu chako," broka akasema.

Akanipeleka nyuma. Kakitu keupe. Kale katrak ka Kijapani, Suzuki Carry. Kazuri, safi, bodi inafunguka pande tatu. Injini 660. Nikauliza 660 ya nini, akasema sisi. Nikasema sawa. Nikaingia. Jirani, mimi si mrefu, ila nimejaa. Magoti yalipanda yakashika usukani kabla ya mikono. Mlango ukafunga baada ya kuhesabu moja, mbili, tatu, pumua nje. Na injini iko hapo chini ya kiti. Broka akaiwasha ili nisikie inavyonguruma, nami nikasikia, lakini si kwa masikio. Ilikuwa ni kukaa juu ya jiko la makaa umevaa suruali ya kanisa.

Nikauliza inabeba ngapi. Kwao Japani, sheria inaruhusu hako ka-660 kabebe kilo 350. Nikatoa kalamu. Kilo 350 kugawanya kwa 70 ni magunia matano. Matano! Boda tatu zinabeba sita. Broka akasema hapa kwetu hakuna mtu anayesoma hiyo sheria, watu wanapakia mpaka tani. Nikamuuliza breki nazo zimeambiwa kuwa hakuna anayesoma. Hakujibu. Nilipotaka kushuka, nilikwama. Walinivuta wawili, na yule wa pili alikuwa mwosha magari, mikono imelowa, akaniacha na alama ya kiganja kwa koti. Koti lile lile la shorumu.

Kuna Townace, gari la aina hiyo hiyo lakini kubwa kidogo, injini ya 1500, mzigo unakaribia kilo 800. Hiyo ingenifaa. Bei yake haikunifaa. Twende mbele.

Nyumbani nako hakukaliki. Mama watoto alisikia habari za pikapu kutoka kwa mke wa kinyozi, siku mbili kabla sijamwambia. Akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio mbaya, "Baba watoto, hiyo singo kabini, mimi na watoto tutakaa wapi?" Nikamwambia ni ya kazi. Akasema, "Kwani sisi ni mchezo?" Yeye anataka dabo kabini. Dabo kabini ni gari la mtu wa kaunti. Ina milango minne, watu wote wanakaa ndani, na bodi inabaki fupi, unapakia magunia manne na jogoo. Nikamweleza hivyo. Akaniambia nitalala na hayo magunia.

Halafu simu ikalia. Mama mkwe, kutoka Gatanga. Na mama mkwe hanipigii simu. Hutuma ujumbe kupitia kwa bintiye, ndiyo heshima yetu. "Mwanangu, nimesikia Mungu amekutendea." Nikasema bado, Mama, tunaomba. "Basi Mungu akitenda, kuna ndizi huku, na kuna mbuzi, na mimi mwenyewe kliniki yangu iko Thika."

Usiku huo sikulala. Sikuwa nawaza ndizi. Nilikuwa nawaza kiti. Singo kabini nyingi za zamani zina benchi moja la watu watatu, na gia imeota sakafuni, katikati kabisa. Sasa niwazie mimi kwa usukani, mama watoto kwa dirisha maana yeye hutapika, na katikati nani? Mama mkwe. Mtu ambaye nikimwona njiani huwa nahama upande wa barabara kwa heshima. Halafu niweke gia ya pili. Niipitishe wapi? Nimfikirie kila mlima kutoka Gatanga mpaka Thika. Ningeendesha kwa namba moja njia nzima. Kesho yake nikawauliza wataalamu wa chai kama kuna pikapu yenye gia kwa usukani, wakasema ile Peugeot ya 404 ilikuwa nayo. Yule mzee akapigapiga meza. "Nilimwambia! Nilimwambia!"

Basi nikapata tangazo la pikapu ya mtu hapa upande wa Ruiru. Bei ndani ya laki nane, ukiacha ile ya chama ikae. Nikamchukua makanika wangu. Makanika wangu ni kijana anayeniita mdosi, na kila akiniita hivyo najua bei imepanda. Mwenye gari akatupokea na soda. Gari limeoshwa, tairi zimepakwa ile dawa nyeusi, linameta. Mimi nikalizunguka, mikono nyuma, nikalipiga tairi teke. Sijui kwa nini watu hupiga tairi teke. Nimeona wote wanaonunua magari wakipiga. Nilikuwa na sandali. Nikaendelea kulizunguka nikichechemea, nikisema "mmh."

Makanika hakuzunguka. Alifungua mlango wa dereva, akapiga magoti, akaanza kutazama pedali. Nikaona amechanganyikiwa, gari liko huku yeye anaangalia pa kukanyagia. Akaniita. "Mdosi, soma kilomita." Nikasoma: elfu sitini na nane na kitu. "Sasa ona hii raba ya klachi." Raba ilikuwa imelika upande mmoja mpaka chuma kinachungulia. Ile mistari ya kuzuia mguu kuteleza ilikuwa imepotea yote, imebaki laini, imeng'aa. Ya breki hivyo hivyo. Ya akselereta ilikuwa mpya kabisa, nyeusi ti, imebadilishwa jana. "Raba haisemi uongo," akasema. "Hii imekanyagwa laki tatu na zaidi." Mwenye gari akasema dereva wa zamani alikuwa na mguu mzito.

Tukaenda chini. Springi za nyuma, zile za mapande ya chuma yaliyolaliana, zilikuwa zimeongezwa mapande mawili yasiyo ya rangi moja na wenzake. Makanika akazigonga kwa spana. "Hii imebeba mawe ya Ndarugo." Nikafurahi, nikasema basi ina nguvu. Akaniambia ilikuwa na nguvu. Kisha akamwambia mwenye gari awashe injini, akafungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma. Moshi ukatoka hapo kwa pumzi, puh puh puh puh. Mimi nikadhani ni mvuke wa baridi, maana ilikuwa asubuhi. Nikasema hivyo kwa sauti. Wote wawili, makanika na mwenye gari, wakanitazama, halafu wakatazamana. Wakaelewana wao. Kumbe moshi ukipumua hapo ni kwamba ringi za pistoni zimechoka, na hiyo injini inataka kufunguliwa yote.

Na chini ya rangi ya mlango, ukisimama jua likiwa upande, ungeona maandishi ya zamani yamefunikwa. Mradi wa maji wa mahali fulani. Maskini, ilifanya kazi zake nzuri.

Bado nikasema tuijaribu, kwa sababu tumekunywa soda ya mtu. Tukaiendesha mpaka Juja. Ikiwa tupu, zile springi za mawe zinairusha. Kila tuta, kichwa changu na dari. Makanika akanieleza njiani kwamba pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na nguvu inaenda kwa tairi za nyuma, kwa hivyo kwa matope yetu itazunguka papo hapo ikichimba. Dawa yake ni kuiwekea uzito. Nikafikiria jambo hilo kwa makini. Yaani nikinunua gari la kubeba mzigo, nitatafuta kwanza mzigo, nibebe huo mzigo, ndipo niweze kufika kwenye mzigo. Au ninunue foo bai foo, ambayo bei yake tusitaje hapa, watoto wanasikia.

Karibu na geti la JKUAT ikazima. Haikukohoa hata kidogo, ilizima tu. Honi nyuma, matatu pembeni, kondakta ananishauri niipeleke mochari. Wanafunzi wakaja kusukuma, wakiimba, wamefurahi kabisa, mimi kwa usukani nimekaa na koti langu lenye kiganja. Ilipowaka, mmoja akaja mbio kwa dirisha. Nikadhani anataka ya chai. "Mzee, niachie namba. Tunahama mwisho wa semesta. Ni magodoro tu na meza." Nikampa namba. Sijui kwa nini nilimpa.

Jioni makanika akanilazimisha nifanye ule upekuzi wa namba ya gari kwa eCitizen, shilingi 550. Mwenye gari alikuwa ametuambia gari ni lake peke yake. Rekodi ikasema ni lake na benki. Tukaachana hapo. Soda yake nilikuwa nimeshainywa.

Na hata ningelipata, safari ndiyo ingekuwa inaanza. Ajenti wa bima aliniuliza, "Utabeba mali yako au ya watu?" Kumbe ni bima mbili tofauti. Ya mali yako ni rahisi, ya kubebea watu kwa kulipwa ni ghali. Nikafikiria magodoro ya wanafunzi, kochi la watu saba, ndizi za Gatanga. Nikamuuliza, je, kuna bima ya kubeba mali ya watu bure? Akasema hiyo hawajaitengeneza. Halafu KRA nao wanataka kodi ya mapema, kila mwaka shilingi 2,500 kwa kila tani ambayo gari linaweza kubeba, au 5,000, ile iliyo kubwa. Halafu ukaguzi kila mwaka, kwa sababu ni gari la biashara. Halafu vibandiko vya kumetameta nyuma. Mwenye Vitz anapita tu anapunga mkono.

Sasa sikiliza lililonileta kwako leo. Kuna mzee wa kanisani alitutoka, Mungu amlaze pema. Kamati ya mazishi ikakaa. Sikuwepo, nilikuwa kwa makanika tena. Nikaletewa ratiba imeshachapishwa, karatasi nzuri ya kukunja, picha ya marehemu mbele. Ndani, baada ya "Sala ya kufungua" na kabla ya "Chakula," kumeandikwa: "Viti na hema: pikapu ya mwenye agroveti."

Imeshachapishwa! Nitasema nini? Nimwambie mjane sina pikapu? Mtaa mzima unajua ninayo, ni mimi tu nisiyejua. Nikaenda Witeithie, nikakodi singo kabini ya mtu, pamoja na dereva wake, kwa pesa ya magunia manne. Nikamwomba dereva jambo moja tu: mtu akiuliza, anyamaze.

Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Gatanga. Hakumjua marehemu. Alikuja kuona gari. Akalipapasa, akaliombea, akapanda mbele. Mwenyekiti wa kamati naye akapanda mbele, mtu mzito, ana cheo. Benchi likajaa. Mwenye gari nikapanda nyuma, kati ya viti vya plastiki, nimekumbatia milingoti ya hema, nikimezea vumbi. Watu njiani wakipunga mkono wanampungia dereva.

Baada ya kuzika, mweka hazina akasimama kushukuru waliojitolea. Akanitaja. Watu wakapiga makofi. Nikamfuata kando, nikamnong'oneza kuhusu pesa ya mafuta. Akashtuka kabisa. "Ndugu, si ni gari lako?" Akaongeza kwamba Jumamosi kuna harusi upande wa Toll, na tayari wameshaniandika.

Tukiwa hapo bado, dereva akaja, amechoka kunyamaza. Mbele ya mwenyekiti, mbele ya mjane, mbele ya mama mkwe. "Mzee, hiyo pesa ya kukusubiri utanilipa saa hii ama nijumlishe na ya Jumamosi?"

Kimya. Mama mkwe akageuka.

Nikawaambia hawa madereva wa kuajiriwa hawana subira, mshahara ni mwisho wa mwezi na yeye anautaka leo.